Seti ya kipoza oili ya safu saba kwa pikipiki kongwe: anza na kipimajoto

Ukitafuta dukani Kirinyaga Road au mtandaoni kitu cha kushughulikia joto la oili kwenye pikipiki ya zamani isiyo na radieta, utaonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni kipimajoto cha fimbo: kifuniko cha tundu la oili chenye saa ndogo ya kusomea joto juu na kijiti cha chuma chini, kinachofungwa mahali pa dipstiki ya kawaida, yaani kile kijiti cha kupimia kiwango cha oili. Cha pili ni seti ya kipoza oili: radieta ndogo ya alumini ya safu saba, bamba la kuweka kati ya injini na filta, paipu mbili zilizosukwa kwa waya wa chuma, na mfuko wa nati na vishikizo. Hapa tunavikagua vyote viwili kwa ajili ya mwenye Honda CB750, Yamaha XT500, BMW R80 au R100, Triumph Bonneville au Royal Enfield Bullet, anayeishi Nairobi na kuzunguka Nairobi.

Asiye na muda achukue hukumu hii aende zake. Kipimajoto nunua. Seti iache mpaka kipimajoto kikuambie unaihitaji, na ukishainunua ujue nusu ya vilivyomo utavitupa.

Tuanze na joto lenyewe. Kwenye injini inayopozwa na upepo, oili hailainishi tu. Hubeba pia joto ambalo mapezi ya silinda hayalifikii, hasa chini ya pistoni na karibu na valvu ya ekzosi. Kwa oili ya madini ya 20W-50, digrii 90 hadi 110 kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) au tangi la oili ndiyo hali nzuri. Ikifika 120 kwenye mwinuko, endelea na safari. Ikikaa 130, oili inaanza kuzeeka mbele ya macho yako, kwa sababu kila digrii 10 za ziada huongeza kasi ya kuchakaa kwake karibu mara mbili. Wakati huohuo inakuwa nyepesi: oili yenye mnato wa sentistoki 18 kwa digrii 100 hubaki na kama 9 kwa digrii 130. Hiyo ni nusu, na beringi iliyozunguka tangu mwaka 1975 ina nafasi ya kutosha kupitisha oili nyepesi namna hiyo bila kujenga presha. Ikikaribia 150, egesha uzime.

Upande wa baridi hausemwi sana, na kwa Nairobi ndio tunaouhofia zaidi. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita nzima ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi kama mvuke, lakini kiasi hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Yasipochemshwa yakatoka kwa bomba la pumzi, huchanganyika na oili na mabaki ya petroli, na ndipo unafungua kifuniko na kukuta uji wa rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ya Julai, safari ya kutoka Westlands hadi katikati ya jiji haitoshi hata kupasha sampu. Ukimfungia mtu huyo kipoza oili kisicho na thamostati (valvu inayozuia oili isipite kwenye radieta mpaka ipate joto), umemwongezea ugonjwa.

Sasa kipimajoto. Ndani ya kijiti kuna utepe wa metali mbili uliojiviringisha, unaojikunja kwa joto na kuzungusha mshale. Hakihitaji waya wala betri, na hilo ni jambo la kushukuru kwenye pikipiki ambayo umeme wake tayari ni kilio. Sehemu inayohisi ni sentimita 2 au 3 za mwisho tu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni urefu. Kijiti kifupi kinaning'inia juu ya oili na kupima hewa ya ndani ya injini, nawe unafurahia digrii 70 wakati oili iko 115. Kijiti kirefu mno kinagonga kitako cha sampu, au, kwenye injini yenye sampu ndani, kinakutana na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Kabla ya kulipa, kilinganishe na dipstiki yako ya asili: kinapaswa kufika chini ya alama ya kiwango cha chini, kisizidi ncha ya dipstiki. Cha pili ni thredi. Vipimajoto hivi hutengenezwa kwa modeli maalumu, na anayekuambia kimoja kinaingia pikipiki zote hajawahi kukifunga hata kwenye moja. Kizungushe kwa vidole mpaka mwisho. Kikikwama mzunguko wa pili, kirudishe kwenye boksi.

Kabla ya kukiamini, kipime. Chemsha maji kwenye sufuria mpaka yatokote hasa, si kufuka mvuke tu. Zamisha kijiti sentimita 5 hivi bila kugusa kitako cha sufuria, kwa sababu kitako kina joto kuliko maji. Subiri dakika mbili. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu digrii 94. Kipimajoto kinachosoma 94 ni kizima. Kinachosoma 100 barabara muuzaji atakusifia, kumbe kimepitiliza kwa digrii 6. Wa Mombasa ndiye anayepaswa kuona 100. Tofauti ya digrii 3 au 4 inavumilika, iandike tu kwa kalamu ya alama nyuma ya saa. Tofauti ya 10 irudishe dukani siku hiyohiyo.

Kasoro yake ya kweli ni mahali kinapokaa. Kwenye XT500 oili imo ndani ya fremu, na dipstiki iko nyuma tu ya shingo ya usukani, hivyo unatupa jicho ukiwa unaendesha. Kwa CB750 tangi liko kulia chini ya paja, unapima ukisimama. Kwa BMW saa iko chini kando ya kifundo cha mguu wa kushoto, na usithubutu kuinama kuisoma katikati ya Thika Road. Kwa Triumph ya mwaka 1971 kuendelea, yenye oili ndani ya fremu, kifuniko kimejificha chini ya kiti, kwa hiyo huko kipimajoto cha fimbo ni kazi bure. Weka sensa ya umeme kwenye paipu ya kurudi na saa kwenye usukani. Kwa asiyetaka kutoboa chochote, kuna stika za joto zenye visanduku vinavyogeuka vyeusi na visirudi tena. Moja ukiibandika kwenye sampu iliyosafishwa kwa petroli na kukauka, jioni itakuambia kilele cha siku, ingawa husoma chini kidogo ya oili yenyewe. Bastola ya miale, ile inayopima joto kwa kuelekezwa tu bila kugusa, tunaikataa kwa kazi hii. Alumini inayong'aa huidanganya kwa digrii nyingi. Ukilazimika kuitumia, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, na upime hapo tu, kila mara.

Ukishakuwa na namba, kabla ya kufikiria kipoza, tafuta joto linatoka wapi. Seti nyingi tunazoziona zimefungwa ili kuficha hitilafu ya kitu kingine.

Pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, huongoza orodha. Kwenye pikipiki zote tulizotaja zilizo na pointi, uwazi wa milimita 0.35 uko ndani ya kipimo cha kiwanda. Kisigino cha pointi kikilika, uwazi hupungua, cheche huchelewa, na petroli huendelea kuungua wakati valvu ya ekzosi imeshaanza kufunguka. Joto hilo huingia kichwani mwa silinda na kutoka huko kwenye oili. Tone la grisi kwenye kisigino na dakika kumi na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) zinaweza kukuokoa gharama ya seti nzima. Ukimaliza, hakikisha taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa taa ya strobu, si kwa sikio.

Kabureta inafuata, na hapa Nairobi ina mtego wake. Hewa ya mita 1,795 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo injini yenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) za kiwandani hunywa petroli kupita kiasi, na fundi mzuri hupunguza jeti kuu hatua moja au mbili. Inakaa vizuri mjini. Kisha mwenyewe anateremka kwenda Voi au Mombasa na jeti hizohizo. Hewa inazidi kuwa nzito, petroli haitoshi, plagi zinageuka nyeupe, na saa ya oili inapanda huku akilaumu jua la Tsavo. Jeti za asili zifungwe kwenye kikaratasi ndani ya boksi la spana, na zirudishwe kabla ya safari ya kuteremka. Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ukipasuka unavuta hewa ya pembeni, na matokeo ni yaleyale.

Kiwango cha oili ndicho kinachoaibisha watu. XT500 na Triumph zikilala usiku, oili huteremka polepole kutoka kwenye fremu hadi chini ya krenki. Asubuhi dipstiki ni kavu, mtu anamimina lita moja, anawasha, oili yote inarudi juu na sasa imezidi. Inatoka kwa bomba la pumzi mpaka kwenye filta ya hewa. Sheria ni moja: endesha dakika tano, zima, pima papo hapo. Kwa injini zenye sampu ndani, kama BMW, kuzidisha kuna adhabu nyingine, kwani krenki inapiga oili kama anayepiga mayai, na kazi hiyo yenyewe ni joto.

Mapezi yasafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikiwa baridi. Mashine ya presha ya kuoshea gari isielekezwe kwenye silinda ya moto. Rangi nyeusi nyembamba isiyong'aa haina neno, lakini rangi ya unga iliyopakwa nene inalivisha injini blanketi. Na tafadhali, lile turubai la boda boda la kukinga matope na mvua, linalofungwa mbele ya miguu, lina kazi yake kwenye pikipiki ya abiria. Mbele ya silinda ya CB750 linazuia upepo wote uliotengwa kwa ajili yake.

Baada ya hayo yote, kama saa bado inapita 125 kwenye barabara kuu, sasa tuzungumze seti. Lakini barabara kuu tumesema kwa makusudi. Kipoza oili ni radieta, na radieta bila upepo ni chuma tu. Ukiwa umekwama Landhies Road au chini ya Expressway, seti ya safu saba itakusaidia kidogo sana. Dawa ya foleni ni kuzima injini kila ukisimama zaidi ya dakika moja, na kutafuta kivuli. Kipoza kinalipa mahali pengine: tambarare ya kuelekea Magadi, chini ya mita 700, hewa ya moto, kasi ya kilomita 90 kwa saa bila kupumzika, au kati ya Mtito Andei na Voi mchana. Kupanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya trela, gia ya pili, ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa sababu mzigo ni mkubwa na upepo ni mdogo, na hapo hata kipoza hukutana na mkubwa wake. Simama pembeni mwa barabara, upumzishe injini.

Feni je? Feni ndogo ya volti 12 hula kama ampea 5 au 6. Jenereta ya CB750 ni ya wati 210 injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000. Ikizunguka bure inalisha taa na cheche kwa shida. Washa feni kwenye foleni na betri itakufa kabla oili haijapoa. XT500 nyingi zilitoka na umeme wa volti 6, kwa hiyo hilo halijadiliwi.

Tufungue boksi.

Radieta yenyewe ni nzuri, na ndiyo sababu pekee ya kuinunua seti. Safu saba zinatosha kabisa kwa injini ya silinda moja au mbili. Kumi na zaidi ni za magari. Kagua mapezi yasiwe yamelala, chungulia midomo kwa tochi uone kama kuna vumbi la alumini, kisha isukutue kwa petroli mara tatu mpaka itoke safi. Vumbi hilo likibaki, kituo chake cha kwanza kitakuwa pampu ya oili.

Bamba la filta ndilo kichekesho cha seti hii. Limeandikwa kuwa linafaa pikipiki zote. Linahitaji filta ya mkebe inayozungushwa kwa nje, na hakuna hata moja kati ya tano zetu iliyo nayo. CB750 ina bakuli mbele ya injini lenye bolti moja katikati. BMW ina handaki ndani ya injini lenye kifuniko cha bolti tatu. XT500 imeficha filta ndani ya kifuniko cha upande wa klachi. Kwa hiyo bamba litakaa boksini. Kwa mwenye pikipiki ya baadaye yenye filta ya mkebe, onyo moja: seti huja na bolti mbili za katikati zinazofanana kama mapacha, moja ya M20 yenye hatua ya 1.5, nyingine ya robo tatu inchi yenye thredi 16. Milimita 20 na milimita 19.05. Filta ya M20 itaingia kwenye bolti ya inchi, itakaza kidogo, utaridhika. Siku presha ya asubuhi ikipanda, filta inaruka na oili yote inaishia kwenye tairi la nyuma. Pima kwa venia (kipimo cha taya cha kupimia kipenyo), si kwa jicho.

Paipu zilizosukwa zinapendeza, ila waya wake ni msumeno. Unakata rangi ya fremu, kisha fremu, kisha waya wa umeme. Ncha zake za kufunga kwa mkono pia zinalegea. Ushauri wetu: zipeleke Industrial Area kwenye maduka ya paipu za haidroliki, ukate mpya na kubanwa kwa mashine. Lakini usiseme tu "nipe ya oili". Paipu ya kawaida ya haidroliki ya daraja la 100R1, ile ya trekta na winchi, imekadiriwa digrii 100 za kudumu. Kwako oili inapita 110 siku ya Magadi. Omba inayostahimili digrii 125 au 150, na usome maandishi kwenye mpira wenyewe. Kipenyo cha ndani kisiwe chini ya milimita 9 kwa silinda moja au mbili, na 11 kwa CB750.

Vishikizo ni bati jembamba lililokunjwa. Vipeleke Kamukunji vichongwe upya kwa bati la milimita 3, na radieta ikae juu ya mipira minne ya kuzuia mtetemo. Radieta iliyobanwa chuma kwa chuma kwenye injini ya silinda moja hupasuka shingoni.

Na thamostati haimo. Hapo seti inafeli vibaya zaidi, kwa sababu kwa hali ya hewa ya Nairobi thamostati si pambo. Nunua kando ile ya kukaa kwenye paipu, inayoanza kufunguka karibu digrii 80. Nyingi hupitisha oili kidogo hata zikiwa zimefungwa, ili radieta isikauke. Usidhani ni mbovu. Ijaribu kwenye sufuria kama ulivyojaribu kipimajoto, lakini kumbuka maji yetu hayavuki 94, kwa hiyo utaona inaanza kufunguka tu, si kufunguka mpaka mwisho. Asiyeipata kwa sasa akate ngozi ya kiatu au mpira wa tyubu na kufunika theluthi mbili za radieta Juni hadi Agosti. Haivutii macho, ila inafanya kazi.

Kufunga kwenyewe kuna kanuni isiyovunjwa: kwa injini zenye tangi la oili nje ya krenki, yaani CB750, XT500 na Triumph, kipoza hukaa kwenye paipu ya kurudi, kamwe si ya kupeleka. Pampu ya kupeleka hunyonya. Ukiiwekea radieta mbele yake unaikaba koo. Kuitambua ya kurudi, toa plagi, legeza paipu upande wa tangi, zungusha injini kwa kiki. Inayotema oili kwa vipande vipande vilivyochanganyika na hewa ndiyo yenyewe, kwani pampu ya kurudisha hutengenezwa kubwa kuliko ya kupeleka. Kwa BMW, tafuta kifuniko cha filta cha modeli zilizotoka kiwandani na kipoza. Oringi nyeupe ya kifuniko hicho inahitaji kubanwa kwa kipimo, na kina cha handaki hupimwa kwa venia na kusahihishwa kwa washa nyembamba. Ikikosewa, oili hurudi sampu kwa ndani bila tone moja kuonekana nje, na beringi za krenki zinalala njaa. Asiyejua kipimo hicho amwachie anayejua. Bullet ya silinda ya chuma cha kutupwa tunashauri iachwe ilivyo: punguza kasi hadi kilomita 80 kwa saa, badilisha oili mapema.

Weka radieta mahali penye upepo lakini isiwe kivuli cha kichwa cha silinda. Kosa la kawaida ni kuifunga katikati kabisa, mbele ya mapezi. Oili inapoa digrii chache na kichwa kinapata moto zaidi. Pembeni ya bomba la mbele la fremu, au juu chini ya taa, ni bora. Midomo itazame juu au pembeni, isitazame chini, vinginevyo hewa hunaswa juu. Kaza kwa spana mbili, moja ikishika shingo ya radieta, kwa sababu alumini hiyo hujikunja kama kopo. Washa za shaba za bolti za banjo (bolti zenye tundu la kupitisha oili) zichomwe mpaka ziwe nyekundu na kuzimwa kwenye maji kabla ya kuzitumia tena. Teipu nyeupe ya mafundi bomba na silikoni nyekundu zikae mbali. Kipande chake kimoja kinatosha kuziba tundu la oili la roka (mkono unaosukuma valvu).

Paipu ya mita 1.2 yenye tundu la milimita 9 inameza karibu mililita 76, na radieta yenyewe kama mililita 150, kwa hiyo hesabu robo lita ya nyongeza. BMW ya lita 2.25 hufika 2.5. Mimina, toa plagi, piga kiki mpaka uone oili inarudi tangini au taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi na kuwasha. Acha izunguke taratibu dakika tatu, zima, pima tena, ongeza.

Oili iwe 20W-50 yenye alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki) kwa CB750, XT500 na nyingine zote ambazo klachi inaogelea kwenye oili ya injini. Nyepesi za magari ya kisasa za kuokoa petroli huifanya klachi iteleze. BMW ina klachi kavu, kwa hiyo haina shida hiyo. Ya sintetiki huvumilia joto vizuri zaidi lakini haishushi saa kwa kiasi cha kujivunia, hivyo usiinunue kama kipoza. Chunguza sili ya kifuniko na maandishi ya chupa, kwa maana oili feki zimejaa sokoni na hakuna radieta inayozirekebisha. Badilisha kila kilomita 2,000 hadi 3,000, na kama siku zako nyingi ni za foleni, shika ile 2,000.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, rudia kila kiungo kwa spana mbili injini ikiwa baridi, pitisha kitambaa cheupe chini ya radieta na kwenye kila kona ya paipu, na uangalie kama paipu inagusa fremu usukani ukikatwa mpaka mwisho kushoto na kulia. Mahali panapong'aa kwenye rangi ndipo paipu itakapotoboka.